Kupima kaboni ya kampasi yenu: anzia jikoni, miti ingoje

Kila msimu wa mvua ukiingia utaziona hizo picha. Wakubwa wa chuo wamevaa gamuti, jembe inang'aa haijawai guza udongo, mche wa grevilia, matisheti ya kijani, alafu mtu anashika maiki anasema chuo yetu inaelekea sufuri ya kaboni. Mimi sina vita na miti, nimepanda mingi sana kwetu. Lakini siku moja nikauliza kaswali kadogo tu, sufuri kutoka ngapi? Hakuna mtu kwa hiyo hema alikuwa na namba.

Sasa kama uko mwaka wa nne ama unafanya mastazi na umekwama huna projekti, namba ndio hiyo inakosekana, na unaeza itafuta bila fandi ya maana. Mimi nilifanya hii kazi kwa kampasi moja hapa western, nikitokea Kondele, Kisumu, kila asubuhi na matatu, na tangu hapo nimeshika mkono vijana wengine wachache wakifanya yao. Naandika venye ningefanya kama ningeanza leo.

Hesabu yenyewe si ngumu, ni kutoa tu. Gesi zenye chuo inarusha hewani kwa mwaka, toa zile inazirudisha, ikibaki sufuri mmefika. Ukianza na upande wa kurudisha, yani miti, ni kama mtu anapangia mshahara matumizi na hajui deni yake kwa duka ni ngapi.

Chora mpaka kwanza, na uiandike kwa karatasi. Kampasi gani? Shamba ya chuo iko ndani? Mwenye kantini amekodi yuko ndani? Mwaka gani? Hapa watu huanguka mapema. Usichukue 2020, hiyo mwaka vyuo zilifungwa Machi juu ya Covid na jikoni ikakaa baridi, ukiifanya mwaka wa msingi basi kila mwaka wenye unafuata utaonekana mchafu kuliko ulivyo. Hata mwaka wenye malekchara waligoma mda mrefu uuruke. Tafuta mwaka wenye semesta zilienda sawa.

Alafu gawa mafungu matatu, hivi ndio dunia nzima inagawa kwa mwongozo wa GHG Protocol. Fungu la kwanza ni vitu vinachomeka ama vinatoa gesi ndani ya mali ya chuo yenyewe: kuni, gesi ya kupika, dizeli ya jenereta, mabasi, na ng'ombe kama mko na shamba. La pili ni stima mnanunua. La tatu ni hayo mengine yote, watu kuja na kwenda, takataka, karatasi, safari za ndege za maprofesa. Usijaribu kumaliza fungu la tatu lote, utazeeka. Chukua usafiri wa kila siku, andika wazi ati mengine umeacha, songa.

Karatasi za ruhusa nazo usizichezee. Kama utahoji watu utahitaji barua ya kamati ya maadili, na leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya utafiti, inaombwa online, uliza idara yenu kama kwa digrii ya kwanza wanataka yote ama barua ya idara inatosha. Lakini niwaambie ukweli, karatasi yenye ilinifungulia milango ni ile fupi ya kwenda kwa mtu wa stoo, imesainiwa na bosi wake. Bila hiyo utaambiwa rudi kesho mpaka ugraduweti.

Na hapo stoo ndio kazi inaanzia kweli.

Uliza fomu za S13, zile wanajaza wakipokea mali, na S11 wakitoa. Huko ndani kuni, dizeli, mitungi ya gesi, yote imeandikwa tarehe na kiasi. Dizeli na gesi ni rahisi juu ziko na lita na kilo. Kuni ndio balaa. Utapata imeandikwa "kuni lori 1", basi. Lori gani, imejaa mpaka wapi, hakuna anajua. Nilimuuliza mama mpishi mkuu wanapimaga aje akanicheka, "Nyathina (yani mtoto wangu), kuni tunapima na macho." Na hakuwa anadanganya, alisimama pale kwa mlango akaniambia hii rundo itafika Alhamisi saa ya lanchi, na ilifika Alhamisi saa ya lanchi.

Macho ya mama ni mazuri lakini supavaiza hatayakubali. Fanya hivi. Lori ikija na kuni, ongea na dereva apitie kwa mizani ya malori, huku kwetu haikosi karibu na viwanda za sukari ama wanunuzi wa mahindi, ipimwe ikiwa imejaa na ipimwe ikirudi tupu. Rudia na lori tatu nne za msimu tofauti upate wastani. Ikishindikana nunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza mahindi na vyuma chakavu, mimi yangu nilipata soko ya Kibuye, ya mitumba, uifunge kwa boriti ya jikoni upime mafungu ya kuni yanaingia kwa jiko wiki mzima, asubuhi mpaka jioni. Nunua glavzi pia. Nilitoa vibanzi kwa vidole mwezi mzima.

Sasa sikiliza hapa vizuri juu hapa ndio niliaibika. Nilipima lori mwezi wa nne, mvua ya masika imenyesha, tani 7 safi kabisa kwa risiti ya mizani. Nikachukua 7 nikazidisha moja kwa moja, nikatoa tani 12 za kaboni dayoksaidi kwa lori moja, nikapeleka nikiwa na kifua. Supavaiza akaniuliza swali moja tu, umepima kuni ama umepima maji? Nikarudi. Dawa yake ni kukata vipande vidogo kutoka magogo tofauti ya lile lori, kama kumi hivi, katikati ya gogo si mwisho juu mwisho umekauka, upime kila kipande siku hiyo hiyo kabla hakijapoteza maji, alafu upeleke kwa oveni ya maabara, digrii 105, upime tena kila siku mpaka uzito uache kushuka. Ukikuta kipande kilikuwa gramu 500 na sasa ni 300 basi asilimia 40 ilikuwa maji. Zangu zilikuwa hapo hapo kwa 40. Kwa hivyo tani 7 zikawa tani 4.2 za kuni kavu.

Ukipata uzito mkavu hesabu ni fupi. Kuni kavu karibu nusu yake ni kaboni, IPCC, lile jopo la UN la tabianchi, wanatumia 0.47. Kaboni ikiungua inashika oksijeni inakuwa nzito, unazidisha na 44 kwa 12, yani 3.67. Kwa hivyo kilo moja kavu inatoa kama kilo 1.72 za kaboni dayoksaidi. 4.2 mara 1.72 ni tani 7 na kidogo. Niliongeza karibu tani 5 za uongo kwa kila lori, na lori zilikuwa nyingi.

Swali lenye litakuja siku ya kudifendi: kuni si ni mti, mti si utamea tena? Ndio, kama zinatoka kwa shamba lenye linapandwa na kukatwa kwa zamu, hiyo kaboni dayoksaidi inaandikwa pembeni haijumlishwi. Lakini lazima ujue zinatoka wapi, usiseme tu. Mfuate sapulaya. Wangu aliniambia zinatoka "kwa watu", nikapanda na yeye lori siku moja nikaona ni blugam za mipaka ya mashamba, zimekatwa na zinachipuka tena, na ingine ilikuwa miti ya kienyeji ya pembeni ya mto yenye hakuna mtu atapanda ingine. Nikagawa mbili. Na ata hizo za kuchipuka, methani ya moshi inahesabiwa, haiendi pembeni.

Dizeli na petroli hazina stori mingi. Lita ya dizeli ni kama kilo 2.68 za kaboni dayoksaidi, petroli 2.31, gesi ya kupika kama kilo 3 kwa kila kilo ya mtungi. Kwa magari usiangalie risiti za petroli steshen pekee, omba woki tiketi, kale kakitabu dereva anaandika safari na mafuta, ulinganishe. Vikikataa kulingana usianze kuuliza nani amekula mafuta, utafungiwa geti. Andika tofauti, chukua namba ya stoo, sema umechukua ya stoo kwa sababu gani. Jenereta nayo kaa na mzee wa jenereta, mnunulie chai, yeye anajua stima ilipotea siku ngapi kuliko mtu yeyote.

Stima ndio itakushangaza. Nimesoma tisisi za watu wameiga mfano wa nje neno kwa neno, bulbu za LED sura nzima, AC za kupoza hewa sura nzima. University of California kule Marekani walitangaza 2013 ati kufika 2025 watakuwa sufuri, na mzigo wao mkubwa ulikuwa mitambo ya gesi asilia ya kupasha na kupoza majengo. Sawa kwao. Lakini hapa Kisumu nani anapasha hosteli joto? Na stima ya Kenya sehemu kubwa, kama asilimia 90, inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Hiyo Olkaria iko Naivasha, kaunti ya Nakuru, inatoa stima tangu 1981. Kwa hivyo yuniti moja ya stima yetu ni safi sana ukilinganisha na ya South Africa yenye makaa ya mawe ndio inabeba mzigo. Ukichukua kizidishi cha huko, yani kilo za kaboni dayoksaidi kwa kila yuniti ya stima, ukaweka kwa bili ya hapa, stima itameza ripoti yako yote na jikoni itaonekana malaika. Tafuta kizidishi cha gridi ya Kenya cha mwaka wako, chukua bili za miezi 12, weka, funga hiyo sura. Sola ni nzuri kwa bili na kwa jenereta kupumzika, Strathmore kule Nairobi waliweka kilowati 600 kwa paa 2014, lakini kwa kaboni usitegemee sola ikuokoe hapa western.

Kama chuo iko na ng'ombe, hesabu vichwa. Mwongozo wa IPCC wa 2006 unampa ng'ombe wa maziwa wa Afrika kilo 46 za methani kwa mwaka, na methani inahesabiwa mara 28 ya kaboni dayoksaidi. Hiyo ni kilo 1,288 kwa ng'ombe mmoja, bado hatujaongea mbolea. Watu wa shamba hawafurahii hiyo namba. Waambie ni wastani na wakitaka ya kwao wenyewe wakupe rekodi za uzito, maziwa na lishe, hapo utakuwa umepata sura ingine ya tisisi na marafiki.

Barabara sasa. Kila projekti Kenya lazima ipitie kwa Yamane, ile fomula ya kujua utahoji watu wangapi, basi ipitie, wanafunzi 8,000 kwa kosa la asilimia 5 inakupa watu 381. Lakini usisambaze fomu kwa watsapu alafu ukae, watajibu marafiki zako wa hosteli wenye wanatembea na miguu. Simama geti saa moja asubuhi siku tofauti. Uliza "leo umekuja na nini, kutoka wapi", usiulize "kwa kawaida", juu kwa kawaida kila mtu ako na adabu. Kwa matatu, gawa mafuta ya safari kwa abiria wote wenye wamo, na hesabu wale wenye wamebanwa pia, si viti kwa logbuku. Kwa boda uliza mwenyewe, wa boda anajua mafuta yake mpaka shilingi: leo umejaza lita ngapi, umesukuma wapi na wapi. Nilikaa stejini na hao vijana siku tatu na nikapata data safi kuliko yenye nilitoa kwa ofisi yoyote. Usichukue majina ya watu wala namba zao za simu, huzihitaji na sheria ya data ya 2019 iko.

Miti basi. Sasa unaeza.

Huhitaji ile tepu ya bei ya wanamisitu. Futi ya fundi wa nguo inatosha. Kata kijiti cha mita 1.3, kisimamishe kwa mti upande wa juu kama ni mteremko, zungusha futi hapo kwa urefu wa hicho kijiti, gawa na 3.14 upate unene. Futi ya fundi ni sentimita 150 tu kwa hivyo mikuyu ya mababu utazungusha na kamba alafu upime kamba. Usipime kila mti wa kampasi, kata kamba ya mita 11.28, mtu asimame katikati na wewe uzunguke, hiyo duara ni mita mraba 400, pima miti yote ndani, fanya duara nyingi mahali pa kubahatisha si penye kivuli kizuri. Piga kila mti namba na rangi. Hiyo rangi usisahau, nitakuambia kwa nini.

Fomula usitoe Brazil tunazo zetu. Watafiti wakiongozwa na Shem Kuyah walichapisha 2012 fomula ya miti ya mashambani huku huku western Kenya: uzito mkavu wa juu ya ardhi kwa kilo ni 0.091 mara unene wa sentimita ukipandishwa kwa 2.472. Blugam walitoa yake peke yake 2013. Kwa Excel unaandika =0.091*D^2.472 unavuta chini.

Tufanye mmoja. Mti mzingo sentimita 94, unene ni kama 30. Fomula inatoa kilo 408. Mara 0.47 mara 3.67, karibu kilo 700 za kaboni dayoksaidi. Inasikika mingi eeh? Gawa na 2.68. Ni lita 262 za dizeli. Mti mzima, maisha yake yote mpaka leo, shina na matawi, ni dramu moja ya jenereta na kidogo.

Na bado umeupendelea. Kosa kubwa nimeona kwa ripoti za watu, na za wakubwa, ni kuchukua kaboni yote imelala kwa miti ya kampasi ikaondolewa kwa moshi wa mwaka moja. Ile ilishikwa zamani, pengine kabla hujazaliwa. Cha kuondoa ni chenye mti umeongeza mwaka huo. Ndio maana ya ile rangi, unarudi mwaka unaofuata mwezi ule ule unapima mti ule ule. Huo wetu ukitoka 30 ukafika 31, na hiyo ni kukua kuzuri, umeongeza kama kilo 59. Lita 22 za dizeli. Ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji miti kama 22 ya unene huo, yote inenepe sentimita nzima kila mwaka, na isikatwe. Weka hiyo kwa slaidi moja peke yake bila mapambo, uone hema itakaa kimya.

Kuna wenye watakuambia si tununue tu krediti, yani tulipe wengine wapunguze kaboni kwa niaba yetu, tumalize. Krediti zipo, hata za hapa karibu, wakulima wa Bungoma, Siaya na Kisumu chini ya mradi wa Vi Agroforestry walipata krediti za udongo 2014, na Kenya iliweka kanuni za soko la kaboni 2024. Lakini hiyo ni kwa mabaki yenye mmeshindwa kabisa kupunguza. Chuo yenye haijui inachoma lori ngapi haijafika huko.

Sasa projekti ikuwe na kitu kinapungua, si kuhesabu tu. Kwangu kilikuwa maharage. Kwa jikoni niliona siku ya githeri na siku ya maharage rundo inashuka vibaya sana, moto unawashwa saa kumi alfajiri. Tukakubaliana na mama, wiki moja maharage yanalowekwa usiku kucha, wiki ingine yanapikwa makavu kama kawaida, gunia ile ile, sufuria ile ile, jiko lile lile, mpishi yule yule, mimi napima kila kuni inaingia na yenye imebaki na makaa. Jaribu siku kadhaa kila upande si moja moja, na kuni zikue za unyevu mmoja la sivyo unapima mvua tena. Sikupei namba zangu juu maharage na jiko yenu si yetu, lakini ilipungua mpaka mama mwenyewe akaanza kuloweka bila kuambiwa, na hiyo haikuhitaji kamati. Ukiwa na nguvu zaidi pima jiko la kisasa dhidi ya mafiga, ama biogesi ya samadi na mabaki ya mesi, ama makaa ya mabaki ya miwa, ziko karibu. Biogesi angalia inavuja ama haivuji, methani ikitoroka bila kuchomeka ni afadhali ungeacha.

Ukimaliza usipeleke kopi kwa laibrari pekee. Peleka ukurasa mmoja kwa mtu wa fedha, ukiwa na shilingi za kuni na dizeli pembeni ya kilo, huyo atakuita ofisini kabla ya VC. Na mizani uiwache jikoni. Yangu iko hapo kwa boriti bado, na kitabu cha kurasa 96 chenye mama ameandika "kuni" kwa gamba, tarehe, kilo, saini. Biro ifunge na uzi kwa msumari, ya kwanza ilipotea siku ya kwanza.